Kwa nini mnabakiwa na shilingi 18 kati ya 100

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana sita hapa Ipagala, Dodoma. Tumerekodi masomo mafupi ya sauti na video kuhusu kilimo cha zabibu, mengi kwa Kiswahili na machache kwa Kigogo. Tunataka yawafikie wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi kupitia simu zao. Kampuni moja ya Dar es Salaam imesema itatuingiza kwenye mitandao yote: mkulima anajiunga, anakatwa shilingi 100 kila siku, serikali inachukua kodi, mtandao unachukua nusu ya kinachobaki, halafu sisi na kampuni hiyo tunagawana nusu kwa nusu. Tunahitaji leseni gani? Na mgawo huu ni wa haki au tunaliwa?

JIBU: Marahaba, dada, na salamu kwa wenzako. Nitaanza na swali la pili, kwa sababu la leseni lina majibu yaliyoandikwa tayari, na la mgawo ndilo litakalowalaza njaa au kuwashibisha.

Chukueni ile shilingi 100 tuitembeze. Huduma za mawasiliano hutozwa ushuru wa bidhaa wa kama asilimia 17, na juu yake Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kama shilingi 100 ndiyo bei anayokatwa mkulima, kodi zikiwa ndani yake, zinabaki kama shilingi 72. Mtandao ukichukua nusu, zinabaki 36. Mkigawana na ile kampuni ya Dar es Salaam, yaani kampuni ya kati kati yenu na mitandao, mnapata 18. Hapo bado hamjalipa kodi ya mapato yenu, hamjamlipa mpiga video, na hamjaweka mafuta kwenye pikipiki ya kwenda Hombolo.

Lakini hata hiyo 18 ni ya kwenye karatasi. Huduma ya kukatwa kila siku inategemea salio, na mkulima wa zabibu mwenye kitochi hakai na salio. Anaweka vocha anapokuwa na la kusema, anaongea, inaisha. Mfumo wa kukata unapomkuta na shilingi 40 unarudi patupu, halafu unarudi tena baadaye, na tena, hadi siku mzee atakapoweka vocha ya 500 ili ampigie binti yake. Hapo ndipo unapomkuta. Anapiga simu, inakata katikati ya maneno, anauliza kijiweni, anaambiwa: ni wale vijana wa zabibu. Hakuna atakayeitaja kampuni ya Dar es Salaam. Jina litakalotajwa ni lenu.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kukaa upande ule wa meza. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye kampuni ya kati, nisiyoitaja, tukiuza miito ya simu, dondoo za mapenzi, matokeo ya mpira na bei za mazao. Bei za mahindi ya Kibaigwa tulizituma saa nne asubuhi, maana ndipo zamu yetu ya kutuma ilipopangwa. Anayeijua Kibaigwa anajua kuwa saa nne malori yameshapakiwa. Mkulima alikuwa ananunua habari za jana kwa pesa za leo. Siku moja mzee wa Mpwapwa alitupigia kuuliza kwa nini anakatwa hela za matokeo ya mpira wa Uingereza wakati yeye hata wa hapa haufuatilii. Tulipotazama tukaona "alijiunga" saa tano usiku kwa kubonyeza 1. Mjukuu, bila shaka. Kwenye ripoti yetu ya mwezi yule mzee alihesabiwa kama mteja hai.

Sasa, je, mnaliwa? Kwa sheria, hapana. Mgawo huo ni wa mkataba, na ninyi mna hiari ya kutia saini au kuondoka. Lakini ni vizuri mjue kwa nini uko hivyo, kwa sababu wengi hudhani kuna mahali serikali ilikaa ikaamua nusu kwa nusu.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianza kazi 2003 kwa kuunganisha tume mbili, ya mawasiliano na ya utangazaji. Hiyo peke yake ilikuwa hatua ya kuona mbali: simu na redio zikawekwa chini ya paa moja kabla simu haijawa redio. Mwaka 2005 ukaja mfumo wa leseni usiojali teknolojia, wenye mafungu manne: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma za matumizi (kama zile zinazopita kwenye namba fupi), na huduma za maudhui. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ikaja kuukazia. Palipokuwa na mlango mmoja ambao kila mtu lazima apite, mamlaka iliweka bei. Mfano mzuri ni gharama ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu yake. Ilipangiwa ngazi ya kushuka: shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021, na 2.00 mwaka 2022. Ndiyo maana siku hizi kifurushi cha "mitandao yote" hakikushtui, wakati zamani watu walitembea na laini tatu mfukoni.

Kwenye huduma zenu ngazi kama hiyo haipo. Mlango wa kukata salio la mteja uko mikononi mwa mtandao wake, na anayetaka kupita hapo anajadiliana. Kampuni ya kati ina wateja mia wa aina yenu, kwa hiyo ina nguvu kidogo ya kujadiliana. Ninyi sita wa Ipagala hamna. Hiyo ndiyo siri yote ya shilingi 18.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na hapa naomba mnivumilie nitoke Dodoma kidogo. Mwezi Februari 1999 kampuni ya NTT DoCoMo ya Japani ilifungua huduma iitwayo i-mode: intaneti ndogo ndani ya simu, picha, michezo, habari, milio. Iliwakatia wateja malipo kwenye bili zao na kuchukua asilimia 9 tu. 91 zilimwendea mwenye maudhui. Hakuna mdhibiti aliyewalazimisha. Walikuwa na hesabu yao: faida kubwa ingetoka kwenye matumizi ya mtandao wenyewe, kwa hiyo mwenye maudhui ashibe ili alete watu. Maelfu ya watengenezaji wadogo wakamiminika. China Mobile ikafuata njia inayofanana mwaka 2000, ikichukua asilimia 15. Kule lakini kulizuka tatizo lile lile la mzee wa Mpwapwa, watu kuunganishwa bila kujua, hadi mwaka 2006 wateja wakaanza kutakiwa kuthibitisha mara mbili kabla ya kukatwa. Mapato ya kampuni nyingi za maudhui yakaporomoka, na kila mtu akaona wazi kiasi gani cha soko kilikuwa cha watu wasiojua wamenunua.

Ulaya wakati huo ilikuwa inafanya kinyume. Mwaka 2000 masafa ya 3G yalipigwa mnada, Uingereza ikavuna pauni bilioni 22.5 na Ujerumani karibu euro bilioni 50. Makampuni yakatoka mnadani yamebeba madeni, na mwenye deni hampi mtu asilimia 91. Miaka michache baadaye, 2008, Tume ya Ulaya ikachagua kiwango kimoja cha televisheni ya simu, DVB-H, ikitaka nchi zote zikifuate. Watu hawakukitaka. Walisubiri bando lishuke bei, wakatazama video kwa intaneti ya kawaida.

Sisi tumeyaona hayo hayo kwa sura yetu. Dodoma tulizimiwa mitambo ya analojia mwanzoni mwa 2013, muda mfupi baada ya Dar es Salaam. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, foleni za ving'amuzi. Miaka kumi haikupita, vijana wa mji huu huu wanatazama mechi kwenye simu chini ya mwarobaini huku king'amuzi kikiwa juu ya kabati. Na kabla ya bando, soko la kwanza la muziki na video za simu hapa lilikuwa kwenye vibanda vya Majengo na Sabasaba: unampa kijana memori kadi, anakurushia nyimbo na filamu, unalipa, unaondoka. Vibanda hivyo havikuwa na leseni, havikumlipa msanii hata senti, na sivitetei. Ila vilikuwa na kitu ambacho huduma za kukatwa salio hazijawahi kuwa nacho: mteja alijua anachonunua, alijua bei, na alilipa mara moja.

Kuna jambo moja zaidi la bei. Aprili 2021 kanuni mpya za vifurushi zilianza kutumika. Nia yake ilikuwa njema kwa mteja, kama vile kumruhusu kumhamishia mwenzake kifurushi. Bei za bando zikapanda ghafla siku ile ile, nchi nzima ikapiga kelele, serikali ikasitisha. Nalitaja kwa sababu video zenu zinaishi ndani ya bando la mtu. Mkitengeneza video ya MB 40 mkadhani mnampa mkulima bure, hamumpi bure, mnamtumia bili. Ibaneni iwe ndogo kadiri inavyowezekana, na somo lenyewe liwe na toleo la sauti tupu.

Leseni, sasa. Kama mtapita kwenye namba fupi ya kampuni ya kati, yenye leseni yake ya huduma za matumizi, ninyi ni wazalishaji wa maudhui ndani ya mkataba wake. Leseni ya namba haiwahusu. Ombeni tu nakala ya leseni hiyo na barua ya kugawiwa namba fupi kabla ya kusaini chochote. Mwenye nayo hataona taabu kuionyesha. Mkitaka kumiliki mfumo wenu na namba yenu, hapo mnaingia kwenye leseni ya huduma za matumizi, na kumbukeni kuwa leseni zetu zimegawanywa kwa ukubwa wa soko: kimataifa, taifa, mkoa, wilaya. Msiombe ya taifa kwa ajili ya wakulima wa Mvumi.

Kuweka video mtandaoni kuna historia iliyowatia watu hofu, na mabaki ya hofu hiyo bado yapo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka hata wenye blogu walipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 kila mwaka. Wengi walifunga. Zikaandikwa upya 2020, na mabadiliko ya 2022 yakaielekeza leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Somo la kupogoa mzabibu si habari. Bei ya zabibu wiki hii, pamoja na jina la mnunuzi aliyegoma kulipa, inaanza kunukia habari. Msitegemee pua yangu: andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya TCRA Kanda ya Kati, ambayo ipo hapa hapa mjini, mwambatanishe sampuli tatu, muulize kama mnahitaji leseni. Jibu la maandishi linakaa kwenye faili. La kwenye simu halikai. Katika barua hiyo hiyo muulize kuhusu Kigogo, kwa sababu redio zetu hutakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza isipokuwa kwa ruhusa, na ni bora mjue mapema msimamo wao kuhusu sauti ya simu. Mimi binafsi naona masomo ya Kigogo ndiyo mali yenu kubwa. Bibi wa Mvumi anayesikia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwenye simu hatakata.

Muziki wa nyuma ya video: tungeni wenu, au pateni kibali cha mwenye wimbo kwa maandishi. Mkiigiza, piteni Bodi ya Filamu. Basi.

Kinachosahaulika zaidi ni orodha ya namba. Najua mmeshapata au mtapata namba za wakulima kutoka kwa katibu wa chama cha ushirika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahesabu ninyi kama wakusanyaji wa taarifa: mnatakiwa kujisajili kwenye Tume yake, kuwa na ridhaa ya mwenye namba, na kuitumia kwa lile tu mliloliomba. Kuna ugumu wa kijijini ambao sheria haiuoni. Tangu laini zifungwe zilizokosa alama za vidole, Januari 2020, kila laini ina jina, lakini si lazima liwe jina la anayeishika. Laini ya baba iko kwa jina la kijana aliyeko Kariakoo. Ridhaa ichukueni kwa anayeipokea simu, na mumwombe apige *106# aone kama laini ni yake kweli. Mtawakuta wengi hawajui.

Sasa nirudi kwenye mgawo, kwa sababu nina maoni. Msiingie kwenye kukata kila siku. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Pesa ya mkulima nayo inakuja mara mbili. Kumtoza kila siku mtu anayelipwa mara mbili kwa mwaka ni kumfuata kisimani na ndoo wakati kisima kimekauka. Nendeni kwenye mkutano wa Amcos, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mwombe shilingi 1,000 kwa kila mwanachama kwa msimu, ilipwe kwa lipa namba ya kikundi wakati wa mavuno, chama kikikubali kwa muhtasari. Kwa njia ile ya kukata salio mtahitaji siku 56 za kukata kulikofanikiwa kwa kila mkulima ili mpate shilingi 1,000 hiyo hiyo, na hamtazipata. Wanachama 300 ni shilingi 300,000 kwa msimu. Si utajiri. Lakini inajulikana, na inafika.

Mkulima asibonyeze chochote. Abipu. Mfumo umpigie yeye, asikilize somo la dakika mbili, akate. Gharama ya kumpigia ni yenu, kwa hiyo ipigieni hesabu kabla ya kwenda mkutanoni: masomo mangapi kwa msimu, dakika ngapi, watu wangapi. Mkiona shilingi 1,000 haitoshi, punguzeni masomo, msiongeze bei mwaka wa kwanza. Masomo manne yaliyofika siku yake yanashinda arobaini. Lile la ugonjwa wa ubwiri unga lifike kabla majani hayajageuka meupe, si baada. Mkumbuke mahindi ya Kibaigwa. Watafiti wa zabibu wako Makutupora, ni safari fupi tu, kawaombeni wawahakikie maneno ya dawa na vipimo kabla hamjarekodi. Kosa la kipimo cha dawa haliombewi radhi kwa ujumbe mfupi.

Video za simu janja ziacheni zisambae WhatsApp, zikiwa na namba yenu ya kubipu mwanzo na mwisho. Mtu atawaibia, ataondoa jina lenu, atazirusha. Mtakasirika wiki moja. Anayehitaji kuuliza swali atamtafuta mwenye namba.

Na kama bado mnaitaka ile kampuni ya Dar es Salaam, pengine kwa sababu mnatamani kufika Singida na Iringa, basi mambo mawili yaingie kwenye mkataba kabla ya asilimia. La kwanza, mteja athibitishe mara mbili kabla ya kukatwa, na kujitoa kuwe kwa neno moja la Kiswahili, bure. La pili, mkataba ukiisha, orodha ya waliojiunga inabaki kwa nani? Waulizeni hilo swali mkiwa mmekaa nao ana kwa ana, mtazame nyuso. Nilipokuwa upande wao, hilo ndilo lililokuwa linatufanya tubadilishe mazungumzo. Asilimia tuliweza kuwaongezea watu, kutoka 50 hadi 60, tukitabasamu. Daftari la wateja hatukuwahi kuliachia.

Nimesikiliza ile sampuli mliyoniambatanishia, ya kupogoa. Maelezo ni mazuri na yule mama anayefundisha ana sauti ya kuaminika. Ila mmerekodi mchana shambani, na upepo wa Dodoma umemeza nusu ya maneno. Kwenye spika ya kitochi hayatasikika kabisa. Rudieni alfajiri, au ndani ya nyumba ya udongo, milango ikiwa imefungwa.